Neno "angalau" lina mwenyewe

Swali

Bi Mshauri, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa Likoni, ng'ambo ya feri hapa Mombasa. Mwanangu wa pili alikuwa na sikoseli. Alifariki Novemba 2018, ana miaka tisa, kichwa chake kiko mapajani mwangu. Korona ilipoingia 2020 kila niliyemjua alichanganyikiwa, mimi nikatulia. Nikawa nawapikia majirani, nawafundisha watoto wao kunawa mikono, na usiku nalala usingizi ambao sikuupata tangu tumzike. Kisha likanijia wazo ambalo halijanitoka hadi leo. Nilijiuliza, lau mwanangu angekuwepo, akishikwa na maumivu saa nne za usiku na hii kafyu, ningempeleka na nini? Damu ningeipata wapi? Nikasema alhamdulillah, bora ametangulia. Hapo hapo nikajiona mnyama. Ni mama gani anayeshukuru mtoto wake kufa?

Mwezi Mei shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, akafa kwa korona hospitalini. Wao wanakaa Mji wa Kale, na Mji wa Kale ulikuwa umefungwa, sikuweza kuingia. Nilimpigia dada simu. Nilitaka kumpa kile kilichonisaidia mimi. Nikamwambia, "Dada, mshukuru Mungu, angalau wewe umekaa na mumeo miaka ishirini na sita. Mimi wangu nilipewa miaka tisa." Akanyamaza. Kisha akasema, "Wewe ulizika. Mimi sikuzika." Akakata simu. Tangu siku ile tunasalimiana tukikutana harusini na mazikoni, basi. Nina kasoro gani? Na hili na dada nitalitengenezaje?

Jibu

Waaleikum salaam, dadangu, na pole. Najua miaka imepita, lakini pole ya mtoto haichelewi, wacha niitoe. Umeuliza kasoro yako ni ipi. Ninayo moja ya kukutajia, ila siyo hiyo unayoifikiria, na itabidi uningoje kidogo.

Nianze na damu, kwa sababu umeitaja kwa maneno matatu tu kisha ukakimbilia kujiita mnyama. Wasomaji wengine hawajalea mtoto wa sikoseli, kwa hiyo nitawaeleza wao huku wewe ukinisikiliza. Chembe nyekundu za damu ya mtoto huyu hupinda zikawa na umbo la mundu, ndiyo maana wenzetu wa Tanzania wanauita ugonjwa huu selimundu. Chembe iliyopinda hunasa kwenye mishipa midogo, damu ikashindwa kupita, na mtoto akapiga kelele za maumivu ya mifupa ambayo panadoli haiyagusi. Tena chembe hizo hazidumu. Chembe ya mtu mzima wa afya huishi siku kama 120, za mtoto huyu huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20. Kwa hiyo damu humpungukia mara kwa mara, na kuna usiku ambapo uhai wake wote unategemea kama kuna mfuko wa damu ya kundi lake kwenye jokofu la hospitali.

Sasa, damu hiyo hutoka kwa nani? Hapa Kenya kwa miaka mingi wachangiaji wakubwa wamekuwa wanafunzi wa shule za upili. Magari ya kukusanya damu huenda shuleni, vijana wakapanga foleni, wakapewa soda na biskuti. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa watoto wote hadi Januari 2021. Wachangiaji wale wakawa majumbani kwao, na watu wazima wakaogopa hata kupita mbele ya lango la hospitali. Damu ikaadimika nchi nzima. Halafu kuna usafiri. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na wewe wa Likoni huhitaji kuhadithiwa jioni ile ya kwanza ilivyokuwa pale ferini, watu wanatoka kazini, wanakimbilia kuvuka, wanakutana na mabomu ya machozi na virungu.

Kwa hiyo ulipojiuliza "ningempeleka na nini, damu ningeipata wapi", ulikuwa unapiga hesabu, na hesabu yako ilikuwa sahihi. Miaka tisa uliipiga hiyo hesabu kila jioni kabla ya kulala: nauli ipo, kadi ya kliniki iko wapi, nani ana gari, nani kundi lake la damu linaingiliana. Mtoto alipoondoka, hesabu ilibaki bila mtu wa kuifanyia kazi. Korona ilipokuja ikajipiga yenyewe, na kwa mara ya kwanza jibu lake likatoka: huyu hayupo tena kwenye hatari hii. Ukashusha pumzi. Pumzi ile ndiyo uliyoitamka "alhamdulillah".

Mama anayeshukuru mtoto wake kufa sijawahi kumwona, na nimekaa na wafiwa zaidi ya miaka ishirini. Nimewaona wengi wanaoshukuru kwamba mtoto hakupatikana na jambo fulani baya zaidi. Nitakupa kipimo rahisi. Mwaka 2020, katikati ya utulivu wako wote, lau mtu angebisha hodi akakwambia mwanao yuko hai, ameshikwa, na damu hakuna, ungebaki kitandani? Najua ungetoka bila viatu, kafyu au si kafyu. Basi hilo wazo la mnyama livue.

Naona pia barua yako nzima haimtaji baba wa mtoto. Huenda hayupo, nawe unajua sababu. Lakini kama yupo, jioni moja muulize: mwaka ule wa korona ulikuwa unamfikiria nini mwanetu? Ugonjwa huu mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, na hatia yake nayo huwa ya wawili, ingawa wanaume wetu huificha. Mimi naamini utakuta na yeye alipiga hesabu ileile.

Utulivu sasa. Wako waliokutana na hali hii na wakadhani ni ganzi, kwamba moyo umekufa. Ganzi ipo, na mimi huichunguza. Mwenye ganzi halii, hapiki, hacheki, watoto wa jirani wanaweza kucheza mbele yake asiwaone. Wewe ulipika, ulifundisha, ulilala. Nadhani kilichotokea ni kwamba dunia ilihamia kwenye nyumba yako. Miaka tisa wewe ndiye uliyekuwa unaogopa kikohozi cha mgeni. Wewe ndiye uliyekuwa na kipimajoto kwenye mkoba, unayewaambia watu wasimbusu mtoto, unayeonekana una makuu kwa sababu hupeleki mwanao kwenye kila shughuli. Kile kidude cha kubana kidole cha kupimia oksijeni, ambacho watu walikuwa wanakitafuta madukani kwa bei ya ajabu, wewe ulikijua toka wodini. Ghafla kila mtu anaishi hivyo. Mwalimu wa somo hilo ulikuwa wewe.

Kuna watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, ambao mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa haendi njia moja iliyonyooka. Huyumba huku na huku: saa hii anaukabili msiba wenyewe, saa ile anakabili maisha, kodi, watoto waliobaki, jirani mgonjwa. Wakasema huko kuyumba ndiyo afya yenyewe. Kabla ya korona inaonekana ulikuwa umeelemea upande mmoja. Majirani walipokuhitaji, ukavutwa upande wa pili, na usingizi ukarudi. Hapo sioni ajabu yoyote.

Lakini kuna jambo nashuku hukuliandika. Nimelisikia kwa wazazi wengine wa watoto waliofariki, wakilisema kwa sauti ya chini: mwaka 2020, ndani ya ule utulivu, kulikuwa na kijisauti kinachosema "sasa na wao waonje". Kama hukuwa nacho, nisamehe. Kama ulikuwa nacho, wewe si wa kwanza, na mfiwa aliyeachwa peke yake na msiba wake kwa muda mrefu hutamani wenzake waujue. Shida yake ni pale mtu anapoanza kuamini kwamba janga lile lilikuja kwa ajili hiyo, kuwafundisha watu kile anachokijua yeye. Wewe ni mtu wa dini, kwa hiyo nikukumbushe kisa unachokijua. Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo chake. Baba mwenye msiba wa siku hiyohiyo akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Mimi hukirudia sana kisa hiki. Angeweza kunyamaza tu, akaacha mbingu zimlilie mwanawe. Akakataa. Na ni baba huyohuyo aliyetokwa na machozi akiwa amemshika mtoto, swahaba wake akastaajabu, "Hata wewe?", naye akamwambia hii ni rehema, kisha akalia tena, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila yanayomridhisha Mola wetu. Machozi na kuridhika vilikaa kwenye uso mmoja, saa moja. Wewe ulidhani kimoja kikiingia kingine kinapaswa kutoka.

Haya, tuje kwa dada yako. Kasoro niliyokuahidi iko hapa.

Lugha yetu ina neno dogo, "angalau". Katika msiba, neno hilo lina mwenyewe, na mwenyewe ni mfiwa. Yeye akilisema, ni mlango anaoufungua kwa mkono wake. "Angalau nilimshika mkono." "Angalau alizikwa na watu wake." Msikilizaji huitikia tu, ndiyo, kweli. Mtu mwingine akilisema kabla yake, linageuka kuwa mzani. Linamwambia mfiwa: nimeupima msiba wako, nimeona si mzito kama unavyoulia. Maneno yaleyale, herufi zilezile.

Nawe ulilisema huku umeshika jiwe la mzani mkononi. Miaka 26 upande huu, miaka 9 upande ule. Hata kama hukukusudia, hivyo ndivyo ilivyosikika. Ndiyo maana alikujibu kwa mzani pia: "Wewe ulizika. Mimi sikuzika." Sikia alichokuwa anakuambia. Mwanao alioshwa na watu wanaompenda, akavishwa kafani, jeneza likatoka nyumbani kwenu, msikiti ukajaa, wanawake wakakaa nawe matangani, hitima ikasomwa. Wakati ule wa Mei 2020 misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe za Ramadhani zinasaliwa majumbani, mazishi yamewekewa kikomo cha watu 15, na waliokufa kwa korona wakazikwa haraka na watu waliovaa mavazi ya kujikinga mwili mzima. Mwezi mmoja kabla nchi nzima ilikuwa imeona picha za yule marehemu wa korona wa Siaya aliyezikwa usiku bila jeneza. Kila mke aliyekuwa na mume hospitalini aliibeba picha ile kichwani. Naamini jeneza la shemeji yako halikupita nyumbani. Naamini dada yako hakuuona uso. Kisha akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya mtaa uliozungushiwa vizuizi tangu tarehe 6 Mei. Alifungiwa mara mbili, na hakuna mwanamke wa kwao wa kukaa naye.

Tena kuna suala la muda. Ile shukrani yako ilikuchukua miezi kumi na minane kuifikia, kutoka Novemba 2018. Yeye alikuwa mjane wa siku ngapi ulipompigia? Mbili? Ulimpa nguo ya mtu mzima avae mtoto wa jana.

Usidhani nakusema kutoka juu. Mwaka uleule, nikizungumza na wafiwa kwa simu tangu asubuhi, nimechoka, nilimwambia baba mmoja, "Angalau hakuteseka sana." Akaniuliza kwa upole kabisa, "Ulikuwepo?" Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa haina jibu la swali hilo. Nilimwomba radhi, na tukaanza upya.

Simu ile nakusamehe upesi. Mtu yeyote angeteleza. Kinachonisumbua zaidi ni kilichofuata. Mji wa Kale ulifunguliwa Juni. Vizuizi vya kuingia na kutoka Mombasa viliondolewa Julai. Eda ya dada yako ilikwisha Septemba, siku ambayo kwetu mjane huogeshwa, hubadilishwa nguo, hutolewa na dada zake. Siku hiyo korona haikukuzuia. Mwaka huohuo likajengwa hata daraja la kuelea pale Liwatoni ili waendao kwa miguu wasisongamane kwenye feri. Njia zilikuwa mbili. Ulibaki ng'ambo, nadhani kwa sababu uliogopa lile wazo lako la "bora ametangulia", ukaona mtu mwenye wazo kama hilo hana haki ya kuingia nyumba ya msiba. Ndivyo mambo yako mawili yalivyofungana. Ukajihukumu kwa kosa ambalo hukulifanya, na hukumu hiyo ikakuzuia kulitengeneza lile ulilolifanya.

Nenda. Usitume ujumbe wa simu, usitume mtoto wa mtu akuombee radhi, usisubiri harusi. Nenda Ijumaa alasiri, peke yako, uchukue kitu cha kawaida tu ambacho ungempelekea zamani. Akikuuliza umefuata nini, jibu lako liwe fupi: "Dada, siku ile niliupima msiba wako kwa wangu. Nilikosea. Na eda yako ilipokwisha sikuja, hapo nilikosea zaidi." Kisha nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu na ulimi utakuwasha. Kuna maneno mawili yatakayokuja yenyewe mdomoni, yameze yote mawili. La kwanza ni "nilitaka kukusaidia tu". La pili ni jina la mwanao. Akimtaja yeye, mzungumzieni hadi magharibi, lakini usiwe wewe wa kumwingiza, la sivyo mzani umerudi mezani.

Lile wazo lako la 2020 usimweleze siku hiyo. Labda mwakani. Lau ungekuwa dada yangu ningekushauri umwambie mumeo kwanza, kama yupo.

Mwangalie pia, kwa jicho la dada. Kusema kweli wasiwasi wangu uko kwake kuliko kwako. Je, analala? Anatoka? Vitu vya mumewe viko wapi? Familia nyingi za mwaka ule zilirudishiwa mfuko wa plastiki wenye simu na miwani, au hazikurudishiwa kitu, na wapo ambao mfuko hawajaufungua hadi leo. Shirika la Afya Duniani sasa linaitambua hali ya huzuni inayodumu kwa ukali wake zaidi ya miezi sita na kumzuia mtu kuishi, na inatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu. Mtu aliyenyimwa kuuona mwili huenda yuko karibu zaidi na hali hiyo, maana akili yake haikupewa ushahidi. Ukiona kabatini nguo zimepangwa kama mtu atarudi kesho, au ukimsikia akisema anatamani amfuate, usimhubirie. Mtafutie mshauri, au daktari wa akili katika hospitali ya kaunti, na umsindikize wewe mwenyewe.

Kama hayuko huko, basi kuna kazi mnayoweza kuifanya wawili. Shemeji hakusomewa hitima ya watu. Mwachie dada aseme kama anaitaka. Dua haina kuchelewa, na wapo Mombasa hii waliosoma hitima za 2020 miaka mitatu baadaye, nyumba ikajaa kama amekufa jana. Akisema hataki, usimsukume.

Huenda Ijumaa ya kwanza asikufungulie. Rudi Ijumaa ya pili. Feri kwa aendaye kwa miguu haina nauli. Na siku atakayokufungulia, atakapokutengea chai, inywe kwanza. Kisha muulize simu ya hospitali iliingia saa ngapi, na alikuwa amekaa wapi ndani ya nyumba ilipoita. Nadhani hadi leo hakuna mtu aliyemuuliza.